Gari la Bi Zuhura Kabla Halijapata Namba

Klak.

Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo nikifumba macho. Si "kalak-kalak", maana hiyo ni bawaba iliyolegea. Si "kwiii", maana hicho ni chuma kinacholilia mafuta. Ni klak moja tu, fupi, kavu, kama mtu aliyemaliza maneno yake na hataki kuulizwa tena. Komeo la kiti cha Bi Zuhura lilipojifunga lenyewe kwa mara ya kwanza, karakana nzima ilinyamaza. Hata jogoo wa jirani, ambaye hana adabu, alinyamaza.

Wadogo zangu mnaojifunza sasa kwa Fundi Idrisa pale Soweto ya Mbeya, mmeniuliza mara nyingi habari za lile gari dogo la buluu linaloegeshwa uani, ambalo mkiliegemea mnafokewa. Nimeona niandike. Nikija kusimulia kwa mdomo mnaniletea kigoda na chai, kazi inasimama, halafu Fundi ananilaumu mimi.

Najua mnacheka mkisikia mimi ni mstaafu. Sina hata unywele mmoja mweupe, na bado naota ndoto za ajabu kama mtoto. Lakini macho yangu yalikula mwali wa kuchomelea kwa miaka mingi, mingi ya hiyo bila miwani ya maana, mpaka daktari akaniambia, "Dada Tupokigwe, chagua: chuma au macho." Nikachagua macho, ili niendelee kuviona vyuma mnavyovichomelea ninyi. Sasa nauza miche ya parachichi pale Uyole. Mche nao una ufundi wake, ila haurushi cheche.

Basi vaeni miwani. Mtoto wa kiume anayesema "nitafumba jicho moja" nimemwona akilala chali na vipande vya viazi vibichi machoni, analia kama amefiwa. Tusimtaje. Yeye anajijua.

*

Mimi nilizaliwa milimani, upande wa Rungwe, kwenye migomba. Kaka zangu walitengeneza magari ya vigogo vya migomba wakayapanda kushuka mteremko, na mimi nikaambiwa nikae pembeni niwe abiria. Nikakataa. Nikatengeneza langu, lenye usukani. Usukani haukugeuza kitu chochote, lakini niliugeuza kwa bidii, nikaingia nao kwenye shamba la chai la watu.

Nilipomaliza darasa la saba, shangazi yangu wa Soweto akanichukua nimsaidie kupika chakula cha kuuza. Kila mchana nilipeleka sahani karakana kwa Fundi Idrisa. Yeye ni mtu wa hapahapa Mbeya, lakini babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, na ndiyo maana mpaka leo Fundi huvaa kofia yake nyeupe hata akiwa chini ya lori. Siku moja nikaweka sahani chini na sikuondoka.

"Wewe binti, umesahau nini?"

"Nataka kutengeneza gari, Fundi."

"Kulikarabati?"

"Hapana. Kulitengeneza. Lote."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye grisi. Akaiokota, akaitazama, akaacha kucheka. Halafu akanipa ufagio. "Gari lote huanzia sakafuni," akasema. "Ukifagia utaziona nati zote zinazoanguka. Ukizijua nati, umelijua gari."

Nilifagia muda mrefu. Nilizijua nati. Na namshukuru mpaka leo, maana mafundi wengine waliokuja baadaye hawakunifukuza, waliniona niko pale siku zote kama ukuta.

Ufundi wa kuchomelea alinifundisha kwa sikio. Ukichomelea vizuri, chuma kinaunguruma kama mahindi yanayokaangwa, sawasawa, bila kukatika. Kikianza kukohoa, umeenda mbio. Kikinyamaza, umegandisha kijiti cha kuchomelea. Ukimaliza, acha kipoe, gonga kwa nyundo ndogo, sikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele, na kilichoshikana juujuu kinalia kama sufuria iliyopasuka. Siku hizi mnatazama kwenye simu jinsi ya kufanya, na ni vizuri, wala sisemi mabaya. Ila simu haiwezi kukugongea.

Na grenda msiikimbilie. Fundi alikuwa akimwona mtu anasaga mchomeleo mbaya ili upendeze, anasema, "Grenda ni kuomba radhi. Mtu mzima haombi radhi kila dakika."

*

Bi Zuhura, mke wa Fundi, mnamjua kwa maneno yake. Mimi nilimkuta tayari yuko kwenye kiti cha magurudumu, mlangoni mwa karakana, na jiko lake la vitumbua. Aliugua, miguu ikamwacha, mdomo ukabaki na nguvu za viungo vyote. Hakuna mwanafunzi aliyepita hapo bila kusemwa.

"Wewe Tupo, umevaa ovaroli au ovaroli imekuvaa?"

Yeye ni Mhehe wa Kalenga, karibu na Iringa. Mama yake mzazi, Bibi Mwanaidi, alikuwa hai huko, mzee sana, na Bi Zuhura alikuwa hajamwona tangu miguu imwache. Mabasi yapo, mtasema. Alijaribu mara moja. Utingo alimbeba begani kumpandisha, na kule stendi ya Iringa akamshusha vilevile, watu wakitazama, kanga imepanda magotini. Hakumtukana, maskini, alikuwa anasaidia. Lakini Bi Zuhura aligeuza palepale stendi bila kufika Kalenga, akarudi akasema, "Mimi si gunia. Sibebwi tena." Na akisema, amesema.

Bibi Mwanaidi hakuwa na simu. Jirani yake alimrekodia sauti akaituma, na Bi Zuhura aliisikiliza mbele yetu sote, maana simu yake haikujua kunong'ona. "Zuhura, wewe ndiye ulikataa kuja, au mimi ndiye sisikii ukibisha hodi?"

Bi Zuhura akageuza vitumbua ambavyo havikuwa vimeiva. Kisha akamwambia mumewe, "Umeponya magari ya Mbeya nzima. Mkeo anamwona mama yake kwa masikio."

Jioni ile Fundi alinikuta nimepiga magoti sakafuni na chaki, nachora. Nilichora gari lenye kiti kinachozunguka kikatoka nje ya mlango, kikashuka kidogo, mtu akahamia mwenyewe bila kushikwa. Aliuzunguka ule mchoro.

"Hapa," akasema, akaweka kidole cha mguu kwenye kiti, "utaweka nini kizunguke?"

"Sijui."

"Habu, kile kitovu cha gurudumu la mbele, na beringi zake. Kama inabeba gari na matuta yote ya Mbeya, itambeba Zuhura." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Na maneno yake."

*

Injini, giaboksi na ekseli tulivipata kwenye pikapu iliyoangukiwa na mkaratusi. Mwenyewe alituuzia pamoja na karatasi zake. Hili liandikeni vichwani: ukinunua chuma cha gari, nunua na karatasi yake, na namba iliyogongwa kwenye injini usiiguse. Usiisage, usiipige rangi, usiipake chochote zaidi ya grisi kidogo isiote kutu. Mwenzetu mmoja kwa kupenda usafi alikuwa ameshika brashi amebakiza pumzi moja aipake buluu. Fundi alipiga ukelele ambao shangazi yangu aliusikia akiwa jikoni, akadhani karakana inaungua.

Chasisi tuliijenga kwa mabomba ya mraba. Kiti ndicho kilichotutesa. Kwa kuwa Bi Zuhura alikataa kuwa wa kwanza kupimwa ("nikianguka mtasema nilikuwa mzito"), tuliazima gunia la mchele kwa mfanyabiashara anayeuleta kutoka Ubaruku. Tukaliketisha. Tukalifunga mkanda, kwa heshima. Tukazungusha. Kiti kikatoka nje vizuri, kikafika mwisho, na kwa kuwa komeo lilikuwa bado halijui kazi yake, kikaendelea. Gunia likaruka, likapasuka, na kuku wote wa mtaa wakaitwa sijui na nani.

Bi Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwe!" akasema, neno aliloiga kwetu Wanyakyusa. "Na mimi ndiye ningekuwa ninadonolewa saa hizi!"

Tulibadilisha komeo. Tulitoa lile la mlango wa nyuma wa pikapu, tukalipa springi yenye nguvu. Na ndipo ikaja ile klak.

Bi Zuhura alikaa, akajizungusha nje, klak. Akajizungusha ndani, klak. Akarudia. Akarudia tena. Fundi alikwenda nyuma ya lori kutafuta spana, akakaa huko muda mrefu kuliko spana inavyohitaji.

*

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo wengi wenu mtajikwaa siku mtakapotengeneza la kwenu.

Gari likakamilika, na palepale ikaja sauti nyingine kutoka Kalenga. Ya jirani mwenyewe, si ya Bibi. Bibi Mwanaidi amelala mgonjwa, hali chakula vizuri, anamtaja Zuhura.

Gari liko uani. Tangi lina mafuta. Barabara ya Iringa haiko mbali na Soweto. Na hatuwezi kuligusa, kwa sababu gari halina namba. Namba hupati mpaka likaguliwe. Kukaguliwa mpaka lifike kwa mkaguzi. Kufika kwa mkaguzi mpaka lipite barabarani. Na barabarani halipiti bila namba. Mimi wa darasa la saba nililizungusha jambo hilo kichwani mpaka nikaona kizunguzungu kama nimepanda kile kiti.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja akasema twende alfajiri kabla trafiki hawajanywa chai. Mwingine, mteja wetu mwenye fuso, akasema, "Fundi, mbona unajitesa? Pikapu imekufa lakini namba yake si ipo? Ifunge, uende."

Fundi akavua kofia. "Namba ya marehemu haivaliwi na aliye hai."

"Aaa, Fundi, ni kibati tu."

"Hata sanda ni kitambaa tu. Utaivaa?"

Mimi nilikuwa upande wa mwenye fuso, kimoyomoyo. Na Bi Zuhura alikuwa upande huo kwa sauti. "Idrisa, twende. Mama yangu hangoji ofisi."

Fundi alichuchumaa mbele yake, macho yakawa sawa na yake. "Zuhura. Tukikamatwa Chimala au Makambako, gari linakwenda kituoni. Na wewe? Utashushwa vipi? Nani atakubeba mpaka kwenye basi?"

Bi Zuhura akafungua mdomo. Akaufunga. Ndiyo mara pekee niliyowahi kuona.

Kwa hiyo tukaanza ofisi. Mambo ya ofisi hubadilika, ninyi mtauliza upya kwa wakati wenu, msije mkasema Dada Tupo aliandika. Ila kwetu ilikuwa hivi: kuna kibali. Ndiyo, wadogo zangu, kipo! Tulikuwa tunazunguka kama ng'ombe wa kupura mpunga na mlango uko wazi. Ni ruhusa ya kulitoa gari pale lilipotengenezwa, kulipeleka kukaguliwa na kulirudisha, kwa siku iliyotajwa na barabara iliyotajwa, likiwa na bima na dereva mwenye leseni. Basi. Hupiti sokoni, huendi kumsalimia shemeji.

Kijana wa dirishani, Mungu ambariki alipo, alikuwa hajawahi kuandika kitu kama hicho.

"Aina ya gari?"

"La kutengeneza," nikasema.

"Ndiyo, dada, magari yote yametengenezwa. Nani katengeneza? Wajapani?"

"Fundi Idrisa."

Akamtazama Fundi. Akaitazama kofia. Akasema, "Shikamoo, mzee," akainuka, akaenda kuuliza kwa wakubwa, akarudi, akaenda tena. Angeweza kutwambia rudini kesho. Hakutwambia. Wa bima naye alikuja mpaka karakana kuliona, akazungushwa kwenye kiti, akaomba kuzungushwa tena.

*

Wakati tunangoja siku yetu, mtaa ulifanya jambo lake.

Mnajua kwetu mtoto mchanga akizaliwa watu huja kumtazama na hawaji mikono mitupu. Sijui nani alianza. Nadhani ni Mama Sekela, mwimbaji wa kwaya, aliyekuja na mkungu wa ndizi akauweka kwenye boneti, akasema, "Tumekuja kumwona mtoto." Kesho yake akaja mwingine na unga wa uji. Mwingine na kiberiti na sabuni. Watu walikaa uani wakimtazama mtoto, wakimfananisha. "Macho ya baba," walisema wakionyesha taa, maana taa zilikuwa zimekaa karibu-karibu kama macho ya Fundi kweli.

"Jina nani?" wakauliza.

"Hana jina," Fundi akajibu. "Jina lina siku yake. Kwetu mtoto hapewi jina kabla ya siku, wala hatolewi nje ovyo."

"Hata kwetu," akasema Mama Sekela. Wakakubaliana, Mwislamu na Mmoraviani, juu ya malezi ya gari.

Ambakisye, mwandishi wa vibao vya maduka, alikuwa pale na hakuwa na ndizi wala unga. Alikuwa na brashi. Asubuhi ya siku yetu alikuja mapema, na zawadi yake amefunga kwenye gazeti. Kibati cha njano, herufi nyeusi, zimepangwa vizuri kuliko za serikali: T 001 ZUH.

"Jina lote la Zuhura halikuenea," akaeleza.

Bi Zuhura alikishika akakisoma kwa kidole, akacheka, kicheko chembamba cha kisichana ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Idrisa, tazama. Wa kwanza kabisa. Sifuri sifuri moja!"

Fundi Idrisa, aliyekataa alfajiri, aliyekataa namba ya marehemu, mtu wa sheria kuliko sheria, alikitazama kicheko kile. Akasema, "Haya. Kifunge nyuma."

Na Ambakisye akakifunga kwa ribiti, zile pini za chuma zisizofunguka.

*

Tulitoka. Fundi anaendesha, Bi Zuhura kwenye kiti chake, mimi nyuma na spana tatu na chupa ya maji. Mtaa ulipiga vigelegele. Mtoto ametolewa nje! Injini ililia vizuri. Tulipita kwa adabu, barabara ileile iliyotajwa.

Trafiki alikuwa mwanamke, mrefu, sare nyeupe iliyonyooshwa ikakubali. Akanyoosha mkono.

"Habari za asubuhi, mzee. Gari gani hili?"

"Salama, afande. La kutengeneza. Linakwenda kukaguliwa. Kibali hiki hapa."

Alisoma kibali chote, hata chini kwenye muhuri. Akaangalia bima. Leseni. "Hongera, mzee. Wengi hawajui kama kibali hiki kipo. Wanajificha tu mpaka tunawakamata."

Fundi alivimba kwa furaha mpaka kofia ikagusa paa. Afande akazunguka gari kulishangaa. Akafika nyuma. Nikaona kwenye kioo ameacha kutembea.

"Mzee."

"Naam, afande."

"Kibali kinasema gari halijasajiliwa."

"Ndiyo kabisa."

"Sasa hii T sifuri sifuri moja ZUH ni ya nani?"

Fundi aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Nilimwona amezeeka palepale. Kila alichokilinda, na kicheko kimoja!

"Ni yangu, mwanangu," akasema Bi Zuhura.

"Mama, shuka tafadhali."

"Nashuka."

Akafungua mlango. Akajizungusha. Klak. Akatokea nje mzima mzima, amekaa kama malkia, kanga imefunika miguu vizuri. "Nimefika," akasema. "Miguu yangu mwisho wake ndio huu. Mwanangu, sikuombi uvunje sheria. Nakueleza tu. Mtaani wamelifanya gari kama mtoto. Wameleta ndizi, wameleta unga wa uji, mpaka gari lina uji kuliko mimi niliyezaa. Huyu mchora vibao akaleta jina. Mzee wangu alikataa kila kitu, hiki akakikubali kwa sababu nilicheka. Mama yangu amelala Kalenga. Nilikuwa sijacheka siku nyingi."

Afande alikitazama kiti. Aliinama, akaangalia beringi, akalisukuma komeo kwa kidole.

"Kwa hiyo mmempa mtoto jina kabla ya siku," akasema.

"Tumempa," akajibu Fundi kwa sauti ya chini. "Na mimi ndiye niliyesema asipewe."

"Namba ya bandia ni kosa, mzee. Ingekuwa barabara nyingine, na mtu mwingine, ningelivuta gari. Unajua hilo."

"Najua, afande."

Magari yalipita. Nilimwona Bi Zuhura ameshika ukingo wa kiti kwa vidole vyote.

"Iondolewe," akasema afande. "Hapahapa, mbele yangu, kabla gari halijasogea hata kidogo. Halafu mwende moja kwa moja."

Nikaruka na spana zangu tatu. Na hapo nikakumbuka ribiti. Wadogo zangu, kitu ambacho hakijathibitishwa fungeni kwa bolti na nati! Ribiti ni ndoa. Nililala chali barabarani na bisibisi ya Fundi na jiwe, nikipiga, kibati kikilia kama debe, na vijana wa bodaboda wakasimama kutazama.

"Dada, umekuwa jasiri! Unaiba namba mchana kweupe, na trafiki amekushikia tochi!"

"Mwache, afande ana hisa!"

Afande alijaribu kukaza uso. Haukukazika. Alicheka akageukia upande wa pili, na alipogeuka tena alikuwa afande. Ribiti ya mwisho ikakatika. Nikampa Bi Zuhura kibati chake, akakilaza mapajani, maandishi chini.

"Likipata namba ya kweli," akasema afande akinirudishia jiwe langu, "lipitisheni hapa. Nataka kuiona."

Kwa mkaguzi hatukuwa na maneno tena, tulikuwa tumeyamaliza. Alitambaa chini ya gari akagonga michomeleo yetu kwa nyundo ndogo, mmoja mmoja, na kila mmoja ulilia kama kengele. Fundi alinitazama. Mimi nilitazama mbali, maana macho yangu tangu zamani yana matatizo. Alitupa kazi moja ya kufanya, kuongeza viakisi mwanga nyuma, tukaifanya, akapitisha.

*

Siku za kungoja namba nisiwachoshe nazo. Bi Zuhura alimtumia mama yake sauti, akamwambia gari linakaguliwa. Jibu likaja, safari hii la Bibi mwenyewe, jembamba kama uzi: "Waambie wakague vizuri. Siendi popote."

Namba ilipokuja tulipita kwanza pale barabarani. Afande hakuwepo, alikuwa zamu nyingine. Tulimwachia mwenzake salamu na ndizi.

Tukateremka Igurusi, tukapita Chimala, tukapandisha. Makambako injini ilitaka kupumzika, tukaipumzisha, upepo wa pale ukitupiga mpaka Fundi akaivua kofia akaikalia. Mafinga tukala. Iringa tukapita pembeni. Na Kalenga tukaingia jua likiwa bado kali, mahindi pande zote, watoto wakikimbia kando ya gari.

Bibi Mwanaidi alikuwa ametolewa kitandani, amekalishwa mkekani mlangoni, amefungwa shuka. Ndugu wakaja mbio na mikono imeshatangulia, kama watu wanavyofanya, wambebe.

"Msinishike!" akasema Bi Zuhura.

Wakasimama.

Akafungua mlango. Akajizungusha. Klak. Mimi niliweka kile kiti cha magurudumu pale alipozoea, nikarudi nyuma, na yeye akahama mwenyewe, akajisukuma mwenyewe kwenye vumbi la kwao, kanga mahali pake, mpaka magurudumu yakagusa mkeka.

"Kamwene, mwanangu," akamsalimia Bibi Mwanaidi kwa Kihehe.

Bi Zuhura, pamoja na mdomo wake wote ule, aliinama akaweka uso kwenye mikono ya mama yake.

Watu wakaingia ndani, na Fundi akaingizwa kama mkwe, kofia imekunjamana. Waliniita. Nikasema nakuja.

Nilibaki peke yangu na gari. Injini ilikuwa inapoa, tik, tik. Kiti kilikuwa bado kimegeukia nje, kinautazama mlango wa ile nyumba, na jua lilikuwa linakipiga vikali. Kile kiti kimeshonwa kwa plastiki ile inayounguza. Nikafungua kitenge changu cha kiunoni, nikakikung'uta vumbi, nikakitandika juu ya kiti chote, nikachomeka pembe zake chini ya mto ili upepo usikichukue, Bi Zuhura akirudi asiungue.